Shangazi anataka neno moja tu kutoka kwenye kishikwambi

Bi Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi hapa Tanga mjini. Mwaka huu nimepata kazi ya udadisi kwenye mradi mmoja wa utafiti wa afya. Tunapita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya kando ya bahari, tunauliza maswali ya dodoso, na anayekubali anapimwa presha, sukari na VVU. Majibu yote yanaingizwa kwenye kishikwambi palepale. Kabla ya kuanza tulipewa semina ya siku tatu na tukasaini karatasi ya kutunza siri. Sikuwaza kwamba karatasi ile ingekuja kunigombanisha na mtu wangu wa ndani.

Aliyenilea ni shangazi. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na yeye ndiye aliyeuza kanga na bajia mpaka nikamaliza chuo. Ana binti mmoja, nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi. Huyo dada yangu sasa ameposwa. Washenga wameleta barua, mahari imetajwa, linasubiriwa jibu. Mchumba ni fundi wa boti, na anakaa kwenye mtaa ambao timu yetu ilipita mwezi wa tatu.

Ijumaa iliyopita jioni nilikuwa uani nachambua mchicha, shangazi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Bila kuniangalia akasema, "Ile gari yenu nyeupe ilisimama kwa kina yule kijana. Watu waliiona." Nikanyamaza. Akaendelea, "Uliingia wewe, aliingia mwenzio, kwangu ni mamoja. Sitaki maelezo, nataka neno moja tu. Kijana mzima au si mzima?" Nikamwambia shangazi, mambo hayo haturuhusiwi. Akaacha kukuna, akapangusa mkono kwenye kanga, akasema, "Mimi nilipokuwa nakulipia ada sikumuuliza mtu kama naruhusiwa."

Usiku ule sikulala, na hapa ndipo penye aibu yangu. Kishikwambi nilikuwa nacho nyumbani kwa sababu Jumamosi tulikuwa tunatoka alfajiri. Nyumba ile aliingia mwenzangu, lakini vishikwambi tunabadilishana, na neno la siri ni moja kwa timu nzima, limeandikwa kwenye kipande cha plasta nyuma yake. Fomu za zamani hazikuwa zimefutwa. Nikafungua, nikaangalia. Sijamwambia mtu nilichokiona na wewe pia sikuandikii. Shangazi hajui kama nimeangalia. Ila tangu siku hiyo dada yangu akinisemesha naangalia pembeni, na naona kama uso wangu unajibu wenyewe.

Jambo la pili ni kundi letu la WhatsApp. Mtandao ukisumbua, au fomu ikiwa na kosa, msimamizi anatuambia tupige picha ya skrini au ya fomu ya ridhaa tuitume humo aikague. Tuko watu 19, wakiwemo madereva wawili na mwenzetu mmoja aliyeshaacha kazi. Juzi mdogo wangu alichukua simu yangu kucheza gemu, akaja kuniuliza, "Dada, kumbe mama wa vitumbua anaumwa?" Picha ilikuwa imejihifadhi yenyewe kwenye galari. Nilipomweleza msimamizi akaniambia WhatsApp imefungwa, hakuna wa nje anayeweza kuisoma, na kwamba kwenye ripoti hakutakuwa na jina la mtu, kwa hiyo nisijitie hofu.

Nimjibu nini shangazi? Mradini niseme kwamba niliangalia, au nikae kimya kwa kuwa siri sijaitoa? Msimamizi yuko sahihi? Na yule kijana, niende nikamwambie? Kazi hii naihitaji, Bi Mkubwa, nyumbani wananitegemea.

Mdadisi, Tanga


Marahaba, mwanangu.

Kwanza niwatake radhi wasomaji. Barua hii si kama ilivyonifikia. Huyo kijana si fundi wa boti, mwezi si wa tatu, na kuna mengine mawili nimeyageuza ambayo sitayataja. Barua uliyoniletea haikuwa na jina la mtu hata moja. Lakini mimi nimekaa Ngamiani, hapahapa Tanga mjini, miaka thelathini na ushee, na kabla sijafika nusu nilikuwa nimeshaanza kumhisi shangazi huyo ni nani. Likumbuke hilo, nitalirudia nikifika kwa msimamizi wako.

Tuanze na kishikwambi, maana hilo ndilo la moto. Unauliza useme au ukae kimya kwa kuwa siri hujaitoa. Imeshatoka, mwanangu. Yule kijana alipoweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa alisomewa kwamba majibu yake yataonwa na watu wa utafiti kwa kazi ya utafiti. Usiku ule hukuwa mtu wa utafiti, ulikuwa ndugu wa bibi harusi mwenye ufunguo mkononi. Sikutukani. Ile kauli ya ada ingenifanya hata mimi nipapase begi gizani.

Nenda kwa mtafiti mkuu mwenyewe. Usipitie kwa msimamizi wala usiandike kwenye kundi. Omba dakika kumi, uende na karatasi uliyoandika: siku gani, saa ngapi, fomu ngapi ulifungua, nini kilikusukuma, na kwamba hujamwambia mtu. Ulichokiona usikiandike. Hakihitajiki kwenye maelezo yako, na ukikiandika umefungua fomu ya kijana mara ya pili. Eleza na habari ya plasta nyuma ya kishikwambi, na kwamba fomu zilizokwisha tumwa bado zinafunguka.

Unaweza kupoteza kazi. Sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti, kile kiti cha mwananchi wa kawaida ambaye si daktari wala mtakwimu, na nilichokiona humo ni kwamba aliyekuja mwenyewe na karatasi yake alisikilizwa tofauti kabisa na yule aliyeletwa. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo.

Ila mfikirie na mwenzako. Neno la siri ni moja, kwa hiyo mfumo haujui aliyefungua fomu saa sita usiku ni nani. Habari za kijana yule zikianza kuzungumzwa barazani, hata kama zimetoka kwingine kabisa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni aliyemhoji. Utakaa pembeni umtazame anavyoapa?

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya ya mtu imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti, zile zinazolindwa kuliko jina na namba ya simu. Taarifa zikivuja, mwenye mradi anatakiwa kuijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa, na kamati iliyompa kibali cha utafiti nayo lazima iambiwe. Sasa atatoaje taarifa ya jambo asilolijua? Ukimya wako unamfanya naye akosee bila kujua.

Haya, shangazi.

Simwoni kama mtu mbaya. Ana binti mmoja, na ameona mengi katika ndoa za mji huu. Lakini neno moja analolitaka usimpe, na unisikilize vizuri hapa kwa sababu wengi huteleza mahali pamoja. Wanajua hawatakiwi kusema "ni mgonjwa", ila wanaona "usiwe na wasiwasi, shangazi" haina neno, maana ni habari njema. Ina neno kubwa. Leo ukimwambia shangazi asiwe na wasiwasi, mwezi ujao jirani atakuja kukuuliza habari za mchumba wa binti yake. Huyo ukimwambia huruhusiwi, atajua tayari. Ukishajibu mara moja, kukataa kwako kote kunakofuata kunakuwa jibu. Kwa hiyo kataa sawasawa kwa wote: aliye mzima, asiye mzima, na hata ambaye timu yenu haikumfikia kabisa. Hata kama alishiriki au hakushiriki usiseme.

Maneno mtu anayakosa akiwa mbele ya mkubwa wake, kwa hiyo ngoja nikuandikie. Nenda siku ambayo hajakuuliza. Kaa chini, umwambie hivi: "Shangazi, nilichonacho chote nimekipata kwako, wewe ndiye uliyenilea, na nikikukosea unisamehe. Lakini habari za ndani ya nyumba ya mtu nilizopewa kazini sizisemi, si za kijana yule wala za mwingine. Wanawake wa mtaa huu wanakuletea mambo yao ya chumbani na sijawahi kulisikia hata moja likitoka nje ya ua huu. Na mimi nataka niwe hivyo." Asipojibu, usiongeze neno. Msaidie nazi.

Kisha mwache siku mbili, halafu mrudie na kitu mkononi. Kipimo cha mwezi wa tatu, hata kama ungekuwa huru kukisema, hakimwambii lolote la leo. Mtu huweza kuwa salama mwezi wa tatu na asiwe hivyo mwezi wa nane. Anachohitaji shangazi ni kipimo cha leo, cha wote wawili. Dada yako na mchumba wake waende pamoja kituo cha afya wapime kwa hiari. Ni bure, wanapewa ushauri nasaha kabla na baada, na majibu wanapewa wao. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema wazi kwamba majibu ya kipimo ni siri na ni ya aliyepimwa. Si ya mama mkwe, si ya mshenga, si ya shehe wala padri, ingawa wako wanaojifanya hawajui hilo. Huyo binti yake naye apimwe. Mara nyingi naona familia ya mwanamke inamchunguza mwanamume kama anayenunua mbuzi wa Idi, na binti wao hakuna anayemuuliza.

Na mmoja akionekana ana virusi, wataamua wenyewe. Mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri mpaka kipimo hakivioni tena virusi kwenye damu hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Hilo limethibitishwa na kufundishwa kliniki. Shangazi yako huenda bado anauona ugonjwa huu kama ulivyokuwa miaka ya tisini, tulipokuwa tunazika kila wiki. Haya yote unaweza kumweleza bila kumtaja mtu.

Lile gari jeupe nalo ni la kuzungumza na mradi. Kama timu inaingia kila nyumba, gari halisemi kitu, leo liko kwako kesho kwangu. Lakini miradi ya namna hii huwa na kurudi: wale waliokutwa na tatizo wanafuatwa tena baada ya wiki au mwezi. Gari likishaacha nyumba arobaini likasimama kwenye nne tu, mtaa mzima umeshapata orodha, tena bila kishikwambi. Liachwe ofisi ya serikali ya mtaa, mtembee kwa miguu au mchukue baiskeli, hii ni Tanga bwana, nani atashangaa mtu akiwa juu ya baiskeli? Na balozi wa nyumba kumi anayewaongoza afike mlangoni, ashukuriwe, aondoke. Nimewahi kuona mahojiano ambayo balozi amekaa kwenye kigoda mita mbili kutoka hapo anajifanya anapunga upepo, mama wa watu anaulizwa ana wapenzi wangapi.

Tuje kwa msimamizi. Kwa WhatsApp ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomponza. Ujumbe ukiwa njiani umefungwa kweli, hata kampuni yenyewe haiusomi. Ila ukifika unafunguka kwenye simu 19. Bahasha umeipiga lakiri, halafu nakala zimegawiwa watu 19, mmoja wao ameshaacha kazi na huenda ameshauza simu. Simu nyingi zinahifadhi picha kwenye galari zenyewe, nyingine zinazipandisha mtandaoni usiku mwenye simu akiwa amelala, na kila moja ina mdogo mtu anayetafuta gemu.

Isitoshe, haina haja. Programu zinazotumika kukusanya data, kama ODK na KoboToolbox, zilitengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Unajaza fomu ukiwa kisiwani huko, inakaa ndani, ukirudi mjini inatumwa. Tena ODK ina mpangilio unaoifunga fomu ikishakamilishwa, kiasi kwamba hata aliyeijaza hawezi kuifungua tena kwenye kishikwambi hichohicho, mpaka ifike kwa mwenye ufunguo. Mradi wako ungekuwa umeuwasha mpangilio huo, usiku ule ungepapasa ukakuta ukuta. Ndiyo maana lawama zote sikupi wewe. Kumwachia binti wa watu majibu ya mtaa mzima kwenye begi lake, na neno la siri kwenye plasta, ni kumtega.

Kama ni kosa la fomu analotaka kulikagua, mtumie namba ya mshiriki na namba ya swali. "Mshiriki 0147, swali la 32, umri haulingani na mwaka wa kuzaliwa." Inatosha. Jina halihitajiki, simu haihitajiki, na picha ya fomu ya ridhaa yenye sahihi au dole gumba haihitajiki hata kidogo. Fomu za ridhaa zinakaa kwenye kabati lenye kufuli, na daftari linalosema 0147 ni nani linakaa kabati jingine, ufunguo kwa mtu mwingine. Zikilala pamoja namba haina kazi.

Halafu hilo la ripoti isiyo na majina. Nilikwambia ulikumbuke la shangazi yako.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kamati yetu ilisimuliwa siku ya kwanza. Miaka ya tisini jimbo la Massachusetts liliwapa watafiti kumbukumbu za hospitali za wafanyakazi wa serikali. Majina yalifutwa, anwani zilifutwa, na gavana, William Weld, akawahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT, Latanya Sweeney. Akanunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge alikokaa gavana, kwa dola 20. Kwenye data za hospitali kulibaki tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Cambridge nzima watu waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa sita, wanaume watatu, na mwenye msimbo wake wa posta mmoja tu. Sweeney akaichukua rekodi ya matibabu ya gavana akampelekea ofisini kwake.

Hiyo ni Cambridge, watu hata majirani hawasalimiani. Sisi huku? Andika kwenye ripoti "mjane, miaka 61, watoto tisa, anauza vitumbua Ngamiani barabara ya kumi na mbili" halafu useme hukutaja jina. Umetaja jina, la baba na la ubini. Kwenye vitu vya namna hii umri unaandikwa kwa mafungu, "miaka 60 na zaidi", kazi inaandikwa "biashara ndogo", na mahali panaandikwa wilaya. Kundi likibaki na watu wachache mno, kama wajane watatu kwa kata nzima, linaunganishwa na jingine ndipo jedwali litolewe.

Kitu kingine ambacho wadadisi wengi mnakibonyeza tu bila kukifikiria ni ile alama ya mahali, GPS. Unasimama mlangoni, unasubiri namba zitulie, unahifadhi. Tanga mjini inaanza na 5.07 kusini na 39.10 mashariki. Tarakimu mbili baada ya nukta zinakuonyesha eneo la kama kilomita moja, kata hivi. Tarakimu tatu, kama mita mia, yaani nyumba kadhaa za jirani. Zikiwa tano, ni kama mita moja, umeshasimama kwenye kizingiti cha mwenye nyumba. Faili la namna hiyo likipita kwenye barua pepe halina jina hata moja, na kijana yeyote mwenye ramani ya simu anakwenda kubisha hodi. Kwa kuchora ramani ya ugonjwa tarakimu mbili mara nyingi zinatosha. Zile tano zikae na daftari la majina, kabatini.

Niongeze na la nauli, ingawa hukuniuliza. Mkiwatumia washiriki nauli kwa simu, majina yao na namba zao yanabaki kwenye taarifa ya malipo, tarehe kwa tarehe, na mhasibu anaichapisha na kuibana kwenye faili la risiti ambalo kila mkaguzi analipekua. Nimeona mradi uliofunga data zake kwa kufuli tatu na orodha ya washiriki iko mezani kwa mhasibu, imewekewa kikombe cha chai juu yake.

Msimamizi usigombane naye kwenye kundi, hutashinda, na mbele ya watu 18 hatakubali kushindwa. Mwandikie peke yake kwa adabu umuulize: "Kaka, andiko la utafiti lililopitishwa linasema nini kuhusu kutuma picha za fomu?" Huku bara utafiti wa afya unapewa kibali cha maadili na kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na andiko lililopita hapo lazima liwe limeeleza data zinatembeaje, zinakaa wapi, nani anaziona na zinafutwa lini. Andiko lililosema picha zitatumwa WhatsApp silijui na sidhani lingepita. Kama utamwona mtafiti mkuu kwanza, kama nilivyokushauri, huenda hata hutahitaji kumwandikia. Ikishindikana pande zote mbili, chini ya kila fomu ya ridhaa huwekwa namba ya kamati. Wadadisi mnaisoma kwa washiriki kila siku, nanyi si haramu kuipiga.

Nikwambie kwa nini haya yananiuma. Mkoa huu haukuanza jana kufungulia watafiti milango. Kule Amani, juu ya Muheza, Wajerumani walifungua taasisi yao mwaka 1902. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009, yalifanyika vituo 11 Afrika nzima, na Tanzania ilikuwa na viwili: Korogwe na Bagamoyo. Wale mama wa Korogwe waliobeba watoto wao kwenda kuchomwa sindano ambayo haijulikani kama inafanya kazi, walikubali kwa sababu aliyekuja kuwaomba walimwamini. Mama wa vitumbua amekuamini wewe hivyohivyo, na sasa mdogo wako anajua anaumwa.

Mdogo wako, kwa hiyo, kaa naye. Usimkaripie, hakukosa. Mwambie aliyoyaona si ya kusemwa shuleni wala madrasa, na tangu leo simu ina neno la siri asilolijua. Kabla hujafuta zile picha, mwambie mtafiti mkuu kwamba zilikuwepo na ni ngapi. Kisha futa kwenye galari, futa kwenye kundi, na ufungue lile pipa la taka la galari ufute humo pia, maana picha hukaa humo wiki kadhaa zikisubiri mwenye kuzirudisha. Na mama wa vitumbua mtaje kwenye karatasi yako, kwa namba yake ya mshiriki. Lake limevuja kweli, hadi kwa mtoto.

Kijana umeuliza kama umwendee. Hapana. Najua dhamiri inakusukuma, lakini ukienda mlangoni kwake peke yako kumwambia "nimeona majibu yako", umempa hofu bila kumpa ulinzi, na majirani wamekuona tena. Kumwambia ni kazi ya mtafiti mkuu, kwa namna kamati itakavyoelekeza, na kijana atakuwa na haki ya kuuliza na kukasirika, hata kujitoa kwenye utafiti akitaka. Wewe ukikutana naye pale anapofanyia kazi, ambapo si Deep Sea kwenye maboti kama nilivyowapotosha watu, msalimie kama ulivyokuwa ukimsalimia siku zote, ulipie kilichokupeleka, uende zako.